Lantana wa Moto na Sisimizi wa Bafuni

Mtaani kwetu Zariya, ukimtaja Lantana peke yake utaulizwa Lantana yupi. Ukisema Lantana wa Moto, hata bibi harusi aliyeletwa juzi kutoka Funtua atakuonyesha mlango. Ni nyumba ya Malam Habu, mshona kofia, ile yenye ukumbi mrefu wa udongo na pazia la kijani, si mbali na lango la Kofar Doka. Wanaume huishia ukumbini, kwenye sindano na nyuzi za Malam. Wanawake hupita moja kwa moja hadi uani, na siku zile wengi wao walipita kwa ajili ya Lantana.

Jina la Moto lilitokana na kazi yake. Kwetu baridi huitwa sanyi. Baridi ile ya msimu wa vumbi, inayopasua midomo na kuwafanya wazee wasitoke blanketini mpaka jua liwe kali, ni sanyi. Na ugonjwa ule wa wanawake usiotajwa mbele ya waume, wa kuwashwa sehemu za siri na kutokwa na uchafu mweupe kama maziwa yaliyokatika, nao ni sanyi. Neno ni hilohilo, na watu wakishakuwa na neno hawasumbuki tena kutafuta sababu. Umekalia sakafu bila mkeka, umejimwagia maji ya mtungi alfajiri, baridi imekuingia. Kilichoingia kwa baridi kitatolewa kwa moto. Basi.

Na moto ulikuwa kwa Lantana. Alikuwa na asali aliyoiponda pamoja na tende, karafuu, tangawizi na pilipili manga, ya kulamba asubuhi na jioni. Alikuwa na maganda ya mgunga ya kuchemsha, ukakalia maji yake beseni zima likifuka mvuke. Alikuwa na vidonge alivyovifinyanga mwenyewe kwa kitunguu saumu na shabu, na mahali pa kuviweka mteja aliambiwa sikioni. Juu ya yote alikuwa na udi wake, ambao unautupia makaani, unachuchumaa juu ya chetezo, unajifunika nguo mpaka shingoni na kuuacha moshi ufanye kazi.

“Ukitoka hapo,” alikuwa akiwaambia wateja wake, “baridi ikikuona itavuka barabara.”

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, na walinunua. Wengi walipata nafuu pia, nisimwonee. Wengine walirudi, wakauziwa mkebe mkubwa zaidi.

Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake huko Katsina, baada ya mume wa kwanza kumwacha angali msichana, na mimba juu. Alikuja Zariya kuolewa na Malam Habu akiwa na vitu viwili tu vya thamani: kinu cha mbao na mtoto wa kike mgongoni. Kwa kinu kile alimsomesha yule mtoto mpaka akawa mwalimu Kaduna. Hakumtaja kwa jina, kama ilivyo adabu kwetu kwa mtoto wa kwanza. Alisema tu “yule msichana”, na alipokuwa akisema uso wake ulikunjuka wote. Kwa hiyo usimdhanie tapeli. Alichokiuza alikiamini, na alikitumia yeye mwenyewe kuliko mteja yeyote.

Hapo ndipo ulipokuwa msiba wake. Lantana wa Moto alikuwa na sanyi.

Alikuwa nayo tangu msimu wa vumbi uliopita, na sasa vumbi jingine lilikuwa limeingia na bado anayo. Iliondoka wiki moja, ikarudi wiki mbili. Alikuwa anazungumza na mgeni uani, anatabasamu, na chini ya nguo amebana mapaja utadhani anazuia mkojo, kwa jinsi mwasho ulivyokuwa ukimla. Usiku alijikuna mpaka ngozi ikachubuka, kisha asubuhi akayakalia maji ya mgunga yanayofuka, akiuma ncha ya mtandio wake asipige kelele. Angemwambia nani? Mtaa ukisikia kwamba mwenye moto mwenyewe anaumwa baridi, nani tena angeingia kupitia lile pazia la kijani?

Kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya biashara. Kwetu mwenye zamu ndiye mpishi wa siku ile, na mpishi ndiye mwenye mume usiku ule. Lantana alikuwa bi mkubwa wa nyumba, na zamu zake alikuwa anazigawa kama sadaka. Leo mgongo, kesho kichwa, wiki nyingine anafunga saumu za kulipa, ambazo kama angekuwa anadaiwa kweli zote zile, basi tangu utotoni hakuwahi kufunga hata siku moja. Malam Habu hakuuliza. Alikuwa mtu mpole, wa kumwambia mkewe pole na kurudi kwenye kofia yake. Lakini jioni moja Lantana alimsikia akicheka chumbani kwa mke mdogo, kicheko kile cha chini alichokuwa akicheka naye zamani, na aligeukia ukutani akalia kimyakimya.

Mke mdogo huyo ni Delu. Watu wote walimwita Bi Harusi, kwa sababu kwetu mke aliyeingia mwisho hubaki bibi harusi hata mvi zimtoke. Na zilikuwa zimemtoka. Alikuwa mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye goti bovu, na yeye na Lantana waliishi kama wanavyoishi wake wenza wengi wenye akili: wakila pamoja, wakisutana pamoja, na kila mmoja akihesabu nyama ya mwenzake kwa jicho la pembeni.

Baridi ilipozidi mwaka ule, Lantana alizidisha moto. Alilamba asali asubuhi, mchana na jioni, vijiko si vya kuhesabu. Alifukiza kila siku aliyopata nafasi. Alianza kuona kiu kali, akanywa kata kwa kata, akaenda bafuni kila saa. Kiu ile ilimfurahisha. Alijiambia ndiyo dalili ya moto kuwaka, kwamba dawa imeshika. Mwili ukapungua, mashavu yakaingia ndani, na wateja wakamsifu.

“Goggo Lantana, mbona unarudi usichana?” Zulai alimwambia, akimwita shangazi kwa lugha ya kwetu. Alikuwa jirani, binti mdogo aliyekuwa hajamaliza mwaka tangu aolewe.

“Nala ninachokiuza, mwanangu,” Lantana alijibu, akipiga kifua. “Wewe vipi, ile yako imekwisha?”

Zulai aliinamisha uso. “Haijaisha, Goggo. Inazidi. Vile vidonge vinaniunguza. Usiku nalia.”

“Basi ni baridi ya muda mrefu hiyo. Chukua mkebe huu mkubwa. Na moshi usiukate.”

Zulai akachukua. Lantana alimtazama akiondoka, akitembea huku ametanua miguu kidogo kama mtu aliyepanda punda mwendo mrefu, na moyo ulimpiga. Mwendo ule aliujua. Lakini aliuambia moyo unyamaze.

Kisha wakaja sisimizi.

Walianzia kwenye kona ya bafu la uani, pale kwenye tundu la kutolea maji. Mstari mwembamba mwekundu, asubuhi na jioni, wakipanda na kushuka kwa haraka zao. Delu ndiye aliyewaona kwanza, maana ilikuwa wiki yake ya kusugua bafu.

“Bi Mkubwa!” alipiga kelele akiwa ndani. “Asali yako unaipeleka kuoga?”

“Asali gani?”

“Ya kwako, si ya kwangu! Mimi naoga kwa sabuni. Wewe sijui unaoga na nini, lakini bafu limekuwa duka la halua!”

“Koma, Bi Harusi. Labda ni hao wajukuu zako, wanaokojoa huku wanakula biskuti.”

“Wajukuu zangu wapo Jos tangu Idi Kubwa!”

Ilikuwa vita ya kila siku. Delu alimshtaki kwa Malam kwamba anamwaga dawa zake bafuni na kuvuta wadudu. Lantana alimshtaki Delu kwamba hasugui vizuri, kwa kuwa tumbo linamzuia kuinama. Malam Habu, aliyechukia kelele kuliko njaa, alitoka ukumbini na sindano mdomoni, akasikiliza pande zote mbili, kisha akachota majivu jikoni na kuyanyunyizia kwenye kona kwa heshima kubwa, kana kwamba anazika mtu.

“Majivu ndiyo dawa yao,” alisema. “Marehemu baba alifanya hivi.”

Kesho yake sisimizi walikuwa wanapita juu ya majivu, miguu imekuwa myeupe. Akanyunyizia tena. Ikawa kazi yake ya kila asubuhi baada ya sala, yeye na kopo lake.

Siku moja asubuhi, vumbi likiwa limefunika jua, Lantana alitoka bafuni akamkuta Delu amesimama mlangoni na fagio mkononi. Uso wake haukuwa wa vita.

“Bi Mkubwa, leo hukuingia na kitu.”

“Ala! Sasa unanikagua?”

“Nimekukagua siku nyingi. Unaingia na birika la maji basi. Mimi nikitoka humo hawaji. Ukitoka wewe wanakuja, hata maji hayajakauka.” Akashusha sauti. “Hawafuati asali yako. Wanakufuata wewe.”

Lantana aliweka birika chini kwa kishindo. “Unaniita mchafu?”

“Ningekuwa nakuita mchafu ningesema kwa sauti, mtaa usikie, unanijua. Mama yangu alianza hivi. Sisimizi walikuwa wanauzunguka mkojo wake, na sisi tukicheka, tunasema mama mtamu. Akawa na kiu. Akakonda, watu wakamsifu. Kisha kidonda kidogo cha mguu, hiki hapa, ukubwa wa ukucha.” Delu alionyesha kidole chake. “Ni ugonjwa wa sukari, Bi Mkubwa. Tulipokuja kujua, mguu ulikuwa umeshaoza.”

“Unaniombea mabaya! Unataka nife uwe bi mkubwa wewe!”

“Niwe bi mkubwa wa nini?” Delu alilitupa fagio chini. “Mimi nimechoka, mwanamke! Msimu mzima unanitupia zamu zako. Zamu yangu napika, zamu yako napika, na goti hili. Yule mzee akimaliza kunisimulia habari za kofia anaanza upya. Mchukue mumeo, nipumzike!”

Lantana alifungua mdomo amjibu, na badala ya matusi kikatoka kilio. Alikaa chini palepale, kwenye sakafu tupu yenye baridi, mahali ambapo alikuwa amewakataza wanawake wa mtaa mzima kukaa. Delu naye akajishusha kwa taabu, goti likilia, akaketi kando yake.

“Naumwa sanyi,” Lantana alisema. “Mimi. Mwaka sasa.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Kuta zenyewe za udongo. Nakusikia ukijikuna usiku, nadhani ni panya.”

Kumwomba Malam ruhusa ya kutoka ilikuwa kazi ya Delu, ambaye kwa uongo mwepesi hana mpinzani. Alisema goti limekataa kabisa na Bi Mkubwa atamsindikiza zahanati. Malam alitoa nauli na kumwombea dua goti hilo. Wakajifunika, wakatoka.

Muuguzi wa zahanati ya akina mama aliitwa Murja, mwanamke mrefu mwenye hina mpya vidoleni na macho yenye usingizi. Alimchoma Lantana kidole, akatazama kile kimashine chake, akakitazama tena, kisha usingizi ukamtoka. Akampeleka nyuma ya pazia akampima na huko. Aliporudi aliuliza polepole, “Mama, umekuwa ukitumia nini?”

Lantana alianza kukunja ncha ya mtandio wake. Delu akamtia kiwiko.

“Asali,” alisema. “Na tende. Karafuu. Maji ya mgunga. Kitunguu saumu na shabu, kule. Na moshi.”

“Moshi wa nani? Kwa Lantana wa Moto?”

“Mimi ndiye Lantana.”

Murja alimwangalia, na Lantana akajikaza kupokea dharau. Lakini yule muuguzi alivuta kiti karibu.

“Dada yangu ni mteja wako,” alisema. “Wallahi, chumba chake chote kinanukia udi wako. Niambie, Mama, unapika masa nyumbani?”

“Nani Zariya hapiki masa?”

“Haya. Msimu huu wa vumbi, rojo la mchele la vitumbua hivyo likikataa kuumuka, unafanyaje?”

Swali lenyewe lilikuwa la mtoto, na Lantana alijibu bila kufikiri. “Naliweka karibu na moto. Nalifunika nguo nzito. Natia sukari kidogo.”

“Na hamira inafanya nini?”

“Inapanda. Inafu...” Lantana akaishia hapo.

Nje mtoto wa mtu alikuwa analilia maziwa.

“Ulicho nacho ni fangasi,” Murja alisema. “Ni kama ndugu wa hamira. Huwa yumo ndani ya wanawake wengi, amekaa zake kimya, hana neno. Akipata joto na utamu ndiyo anapanda. Damu yako ina sukari nyingi, Mama. Na shabu na kile kitunguu vimechubua ngozi, kwa hiyo kapata na mahali pa kukaa.”

“Si baridi?” Lantana aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Delu hakuwahi kuisikia.

“Si baridi. Baridi ingekuwa afadhali.”

Kuna watu wangecheka hapo. Mimi hainichekeshi. Mwanamke yule alikuwa amechuchumaa juu ya makaa misimu miwili, amejifunika nguo nzito, anakula asali, na alikuwa anafanya hivyo ili apone.

Murja alimpa vidonge vya kushusha sukari vya kumeza kila siku na dawa ya fangasi ya kuweka, akamwambia arudi kupimwa, na kwamba ya sukari haina kumaliza. Lantana aliuliza kwa uchungu kama basi kila alichojua yeye ni takataka. Hapana, alisema Murja. Mtindi ule wa Wafulani, anywe tu, lakini bila sukari na bila tende. Majani machungu apike, kunde apike, kitunguu saumu atie mchuzini kwa wingi apendavyo. “Mchuzini, Mama, siyo kwingine.” Ugali apunguze. Aoshe kwa maji matupu, avae pamba, avue hizo nguo za ndani za nailoni zinazobana. “Vyakula vitakusaidia kuizuia isirudi ovyo. Lakini usije ukaviacha vidonge ukaniambia mtindi unatosha, nitakuja kwako na bakora.”

Walirudi, Lantana ametangulia na dawa amezikumbatia chini ya mtandio, wakafika karibu na nyumba.

“Zulai,” Lantana alisema ghafla.

“Achana na Zulai leo. Pumzika.”

“Ana mkebe wangu mkubwa.”

Akageuka bila kumngoja. Delu alimfuata akilalamikia goti, ambalo sasa kweli lilikuwa linauma.

Walimkuta Zulai mlangoni, mtandio begani, naye akashtuka, kwa maana Goggo Lantana hakuwa mtu wa kumtembelea mteja. Lantana hakuketi. Aliomba arudishiwe mkebe, vidonge, na udi, vyote.

“Kwa nini, Goggo? Nimekosa nini?”

“Hujakosa. Mimi ndiye nimekosea. Acha kuviweka hivyo vitu. Nenda zahanati kwa Murja akupime. Mwambie nimekutuma mimi, Lantana wa Moto. Mwambie na mimi ninayo.”

“Unayo nini?”

“Sanyi. Ninayo kukushinda wewe.”

Zulai alimkodolea macho, kisha machozi yakamjaa, na hayakuwa ya huruma. “Nilikwambia vinaniunguza! Nilikuja hapo kwako nikalia. Ukanipa mkebe mkubwa! Mume wangu ananiuliza kama namkataa, nami namwambia ngoja, Goggo anajua.”

“Uliniambia,” Lantana alisema. “Nilikusikia, na nilikuona ulivyokuwa ukitembea. Nisamehe.”

Zulai hakusema amesamehe. Aliingia ndani, akautoa mkebe na kuuweka chini kizingitini, badala ya kumpa mkononi. Lantana akainama akauokota.

Mtaa ulijua kabla ya jioni. Kwetu habari haihitaji miguu. Wiki ile pazia la kijani halikutikisika sana, na walioingia wengi walikuja kuangalia tu. Shemeji mmoja wa Malam, mwenye mdomo kama kisu cha kuchunia ngozi, aliketi uani akauliza kwa sauti tamu, “Tukuiteje sasa, Lantana? Lantana wa Baridi?”

“Mwite Lantana,” alidakia Delu, akiwa anachambua kunde. “Ni jina zuri, ana lake. Wewe la kwako lilikwisha lini, hata uje kuhangaikia la mwenzio?”

Lantana mwenyewe aliendelea kumsaidia kuchambua. Ilimuuma, na sitasema haikumuuma. Alikuwa amezoea kusikia viatu vya wateja ukumbini, na sasa alisikia sindano ya Malam tu. Asali iliyobaki aliigawa kwa majirani wenye watoto wa kikohozi. Vile vidonge vya shabu alivitupa shimoni. Kinu hakukitupa. Alikikalia siku kadhaa bila kukitumia, kama kiti, kisha akaanza kutwanga humo majani machungu na kitunguu saumu kwa ajili ya mchuzi.

Ilikuwa kazi ngumu kuacha utamu. Mchana mmoja alikutwa na Delu mbele ya kapu la tende, mkono umo ndani.

“Toa mkono,” Delu alisema.

“Moja tu, Bi Harusi.”

“Mama yangu naye alisema moja tu. Toa mkono, Bi Mkubwa, au nimwite Malam nimwambie kila kitu, mpaka na panya.”

Alitoa mkono. Asubuhi iliyofuata mwanamke wa Kifulani alipopita na kibuyu chake cha mtindi, Delu alinunua kata mbili. Ya Lantana ilikuwa bila sukari. Lantana alionja ya Delu kwa hila, akitarajia utamu, na uso ukamkunjamana. Nayo ilikuwa kali vilevile.

“Kwani wewe unaumwa?” aliuliza.

“Sukari imepanda bei,” alijibu Delu, akanywa yake huku akifumba macho.

Mwasho ulipungua pole pole, kwa namna ambayo hata Lantana hakujua siku ulipokwisha. Aligundua tu kwamba amelala mpaka adhana ya alfajiri. Kiu ilikata. Ngozi ikapona. Siku aliporudi zahanati alimkuta Zulai ameketi kwenye benchi, ametangulia. Zulai hakusalimia kwanza. Kisha alisogea, akamwachia nafasi ya kukaa.

Vumbi lilikuwa limeanza kutulia, na asubuhi zimepata joto kidogo, Delu alipopaza sauti kutoka bafuni, kwa nguvu zilezile za vita.

“Bi Mkubwa! Njoo! Wameondoka!”

Lantana alikuja mbio, nguo ameishika kiunoni. Wakainama wote wawili mbele ya ile kona, vichwa vikikaribia kugongana. Sakafu ilikuwa kavu na tupu. Palikuwa na majivu tu, na juu ya majivu hakukuwa na hata alama ya mguu.

“Usidhani umepona,” Delu alinong'ona. “Ya sukari ni ya kukaa nayo. Bado nakulinda.”

“Najua,” Lantana alisema, na akamshika mkono.

Malam Habu alitokea na kopo lake. Alitazama kona, akatazama majivu, na uso wake mpole ukajaa fahari ambayo hakuwahi kuionyesha kwa kofia yoyote aliyoshona.

“Niliwaambia,” alisema. “Majivu. Marehemu baba hakukosea.”

Wake zake walitazamana. Delu alianza kutikisika kwanza, akaziba mdomo kwa mtandio. Lantana alijizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu hata wakashikana wasianguke, na machozi yakawashuka wote wawili.

“Ni kweli, Malam,” Lantana alisema alipopata pumzi. “Ni majivu.”

Malam hakuelewa kinachochekesha, lakini alifurahi kuona nyumba inacheka. Aliliweka kopo chini, akajifuta mikono, akauliza kama alivyouliza kila asubuhi kabla ya kwenda kutafuta nyama sokoni.

“Haya, leo zamu ya nani?”

Delu alikuwa amezoea kujibu. Safari hii aliinama kuchukua fagio, na alichukua muda mrefu kuliokota.

“Yangu,” alisema Lantana.